Shajara ya mradi: chuo cha ng'ambo kwa hesabu ya mahamri

23 Januari 2023

Matokeo ya KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, yalitoka Ijumaa. A-, pointi 77. Mamangu alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Leo nimenunua daftari la kurasa 96, kwa sababu Mwalimu wa Hesabu aliniita kando akaniambia: "Fomu za KUCCPS za vyuo vya hapa nchini jaza, lakini jaribu na nje. Na ukijaribu andika kila kitu, la sivyo utapotelea njiani."

Basi naandika. Mradi: kupata shahada ya kwanza ng'ambo, mahali ambapo watu wa nyumba hii wanaweza kupalipia. Muda: miezi 19, mpaka Agosti 2024. Ni mrefu kwa sababu vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi mwanzo wa Januari, na matokeo yetu hutoka Januari hiyo hiyo. Mtoto wa Kenya asiye na matokeo mkononi huwa amechelewa kabla hajaanza. Bajeti ya kuanzia ni shilingi 6,200, zawadi ya Ami.

Babangu ameguna tu. Yeye husaidia jikoni katika hoteli moja hapa Malindi, miezi minane ya wageni kwa mwaka, minne iliyobaki yuko nyumbani. "Zamani za Mboya," akasema, "ndege ilikodiwa, watoto wakapakiwa." Ni kweli: Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa mwanasiasa Tom Mboya wa kupeleka vijana vyuo vya Marekani ilibeba wanafunzi 81 hadi New York, na mwaka uliofuata Wangari Maathai naye akaondoka kwa mpango huo, akasomea biolojia Kansas. Nikamwambia Baba siku hizi kila mtu anajitafutia kiti chake. Akasema, "Haya, kitafute."

12 Februari 2023

Orodha ya kwanza imekamilika na naionea fahari. Vyuo 34. Niliipanga kwa karo, cha bei rahisi juu, cha ghali chini. Ujerumani imekaa kileleni: vyuo vikuu vya umma katika majimbo mengi havitozi karo hata kwa mgeni, isipokuwa Baden-Württemberg wanaodai yuro 1,500 kwa muhula kwa sisi tusio wa Umoja wa Ulaya. Norway ilikuwa ya pili kwenye rasimu, nikaifuta. Kuanzia msimu huu wa vuli nao wanawatoza wageni. Austria yuro 726.72 kwa muhula. Ufaransa yuro 2,770 kwa mwaka kwa shahada ya kwanza. Huko chini kabisa, kama wafungwa, kuna vyuo vya Marekani vya dola 80,000 kwa mwaka. Sikuviondoa kwa sababu tu nilipenda picha zao.

Mwalimu ameiangalia dakika mbili, akauliza, "Na siku ya kuondoka unatakiwa uwe na shilingi ngapi mkononi?" Sikuwa na safu ya swali hilo.

5 Machi 2023

Sasa ninayo. Nimeipa jina KABLA YA NDEGE: pesa zote zinazopaswa kuwepo kabla sijakanyaga uwanja wa ndege, ziwe za kulipwa au za kuonyeshwa tu.

Ujerumani imeanguka kutoka kileleni hadi karibu na mkiani. Karo ni sifuri, lakini anayeomba viza lazima awe ameweka yuro 11,208 kwenye akaunti iliyofungwa, ambayo ataruhusiwa kutoa kidogo kidogo kila mwezi akishafika. Kwa bei ya leo ni kama shilingi milioni 1.5. Juu ya hapo, KCSE peke yake haikuingizi moja kwa moja. Kuna mwaka wa maandalizi, wenyewe wanauita Studienkolleg, na huo ni mwaka mzima wa kula na kulala usio sehemu ya shahada. Kwa mtu mwenye mjomba wa kumwekea dhamana, Ujerumani ni rahisi kweli. Mimi mjomba wangu wa mbali kuliko wote yuko Lamu.

Nimekaa na jedwali hilo kwenye simu mpaka bando likakata. Karo ndogo na chuo rahisi ni vitu viwili tofauti, na mimi nilikuwa nimevifunga kamba moja. Chuo cha bure kinaweza kukudai milioni siku ya kwanza. Cha dola 80,000 kinaweza kukudai nauli tu, ikiwa chenyewe ndicho kinacholipa hizo 80,000. Nimeongeza safu tatu: bei ya bango (ile kamili wanayotangaza), wanachotoa, pengo (kinachobaki juu yangu). Nimepanga upya kwa pengo, kisha kwa kabla ya ndege. Wafungwa wa chini wamepanda juu.

19 Machi 2023

Vyuo vya Marekani, mbele ya mgeni asiye na pesa, nimevigawa hivi.

Kuna visivyotazama mfuko wakati wa kuchagua, kisha vikaziba pengo lote. Mwaka huu nimehesabu saba: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, na viwili vilivyojiunga mwaka jana, Dartmouth na Bowdoin. Karamu nzuri, mlango mwembamba: Harvard msimu uliopita walichukua chini ya watu 4 katika kila 100.

Kuna vinavyotazama mfuko lakini wakishakuchukua hawakuachi na pengo. Vingi vyao ni vidogo, vya wanafunzi elfu mbili tatu, katika miji ambayo hapa hakuna anayeijua, kama Grinnell kule Iowa. Ukiomba msaada mkubwa, nafasi yako inapungua. Hilo hawalifichi.

Kuna vinavyotoa basari kiasi halafu vinakuachia pengo. Hivi ndivyo vingi kuliko vyote, na ndivyo vyenye barua tamu za "hongera, umeshinda dola 25,000 kwa mwaka". Kwenye bango la 60,000, umeshinda deni la 35,000.

Na kuna Berea, Kentucky, ambayo haiingii kapu lolote. Ilianzishwa 1855, haijatoza mwanafunzi yeyote karo tangu 1892, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Wageni huchukuliwa wachache, lakini mwaka wa kwanza hugharamiwa karo, chakula na malazi. Mama nilipomsomea hiyo ya kazi akasema, "Hicho ndicho chuo cha watu."

16 Aprili 2023

Somo la wiki ni namna ya kukamata chuo kinachojisifu. Vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka waraka wa takwimu uitwao Common Data Set, na hauna picha hata moja. Kipengele B2 kinaonyesha wanafunzi wa kigeni ni wangapi. Kipengele H6 kinaonyesha ni wageni wangapi walipewa msaada, na kwa wastani dola ngapi kila mmoja. Gawanya waliosaidiwa kwa wageni wote.

Nimefanya hivyo kwa vyuo 22. Saiba wananitoza shilingi moja kwa dakika, na kazi imekula siku nne. Chuo kimoja ambacho tovuti yake imejaa Waafrika wanaocheka kina wageni zaidi ya 600, na waliosaidiwa hawafiki 30. Nimekikata. Kingine sikuwahi kukisikia, tovuti yake mbovu, lakini zaidi ya nusu ya wageni wao wanasaidiwa, kwa wastani wa juu ya dola 60,000. Nimekiwekea nyota. Sheria yangu tangu leo: kama H6 haipatikani au wastani uko chini ya 50,000, sipotezi insha.

8 Julai 2023

Nilikwenda Mombasa kwa wakala. Shangazi ndiye aliyesisitiza, kwa sababu binti wa rafiki yake "alitolewa" na huyo wakala. Ofisi ina kiyoyozi, bendera sita ndogo mezani, na kijana mwenye tai aliyeniita "my dear" kabla hajanijua jina. Chuo alichonipa ni cha kisiwani Cyprus, upande wa kaskazini, ambao Uturuki tu ndiyo inautambua kuwa nchi. Punguzo la asilimia 75, nafasi inafungwa Ijumaa, elfu 50 za kufungulia faili, hazirudishwi. Nikamuuliza asilimia 25 iliyobaki ni kiasi gani na viza ya upande ule hutolewa na nani. Akanijibu swali la kwanza kwa kunipa soda.

Nilikunywa soda. Sikulipa. Nauli ya kwenda na kurudi imekwenda, naiandika kwenye gharama za mafunzo.

Nimepata nafasi ya KUCCPS, kozi nzuri, chuo kizuri cha hapa nchini. Lakini vyuo vingi vya nje vinataka mwombaji wa mwaka wa kwanza asiwe ameshaanza chuo kikuu kwingine. Nimeandika barua ya kuahirisha mwaka mmoja. Baba hakulala vizuri siku ile. Alisema ndege mmoja mkononi, nami nikajua mwisho wa methali, akajua kwamba ninaujua, tukanyamaza.

28 Agosti 2023

Nilifanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, juzi Jumamosi. Huku nje ya Marekani mtihani umekuwa wa kompyuta tangu Machi mwaka huu: maswali 98, saa mbili na dakika 14. Mwalimu alinikopesha laptopu yake. Betri ilikuwa inakufa kila baada ya saa moja na nusu, kwa hiyo nilifika kituoni mapema kugombania kiti kilicho karibu na soketi. Nilishinda vita hivyo. Asiye na Mwalimu wa kumkopesha anaweza kuwaomba College Board, wenye mtihani, kompyuta ya kuazima, lakini aombe siku 30 kabla.

Habari za Eldoret zinanitia baridi. Wazazi wa Uasin Gishu wameandamana: walilipa karo za Finland na Canada kupitia mpango wa kaunti, na watoto wao walio Finland wanatishiwa kufukuzwa kwa sababu chuoni karo haijafika. Shangazi alinyamaza habari ilipopita kwenye redio, kisha akauliza yule wakala wa Mombasa alikuwa ameomba elfu ngapi vile. Nimeongeza sheria ya pili daftarini: pesa hutoka kwetu kwenda kwa chuo chenyewe, kwa akaunti iliyo kwenye barua ya chuo, bila mtu wa kati.

14 Oktoba 2023

Leo ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Fomu ya CSS, ya kuombea vyuo vya Marekani msaada wa pesa, inataka mapato ya wazazi kwa mwaka. Wao wanafikiria hati ya mshahara na fomu ya kodi. Sisi tuna karai la mafuta ambalo Mama hukaangia mahamri ya kuuza.

Tulikaa barazani na Mama baada ya Alasiri, mimi na daftari, yeye akichambua mbaazi.

"Unga pakiti ngapi kwa siku?"

"Tatu. Za kilo mbili mbili."

"Pakiti moja hutoa mahamri mangapi?"

"Nikiwa na mkono mzuri, hamsini."

Mahamri 150, shilingi kumi kumi: 1,500. Kisha tukatoa. Unga 660. Sukari nusu kilo 110, na mwaka huu ndiyo imekuwa dhahabu. Nazi nne 160. Mafuta 180. Makaa 100. Iliki na hamira 40. Jumla 1,250. Inabaki 250. Mama aliangalia hiyo 250 kama mtu aliyeonyeshwa picha yake mwenyewe na kuikana. "Hesabu tena." Nikahesabu tena. Anaamka saa tisa usiku kwa shilingi 250.

Mbaazi zikamwokoa kidogo: 230 kwa siku. Jumla 480, siku 26 kwa mwezi, kama shilingi 150,000 kwa mwaka. Akapinga kwamba Ramadhani huuza mara mbili. Nikamkumbusha Julai alipolala wiki tatu na homa. Akakubali, ikaenda sare.

"Na yale tunayokula sisi asubuhi, niyaandike?"

"Hayo si biashara. Hayo ni nyumba."

Baba ni 15,500 kwa miezi minane: 124,000. Wote wawili 274,000. Kwa dola moja shilingi 150, ni dola 1,827 kwa mwaka. Niliziweka kando ya zile 80,000 na sikusema kitu. Mama ndiye aliyesema: "Sasa wataamini?"

Chifu ataandika barua. Nilikwenda na rasimu tayari, nikamwomba aseme kazi ya kila mzazi, miezi ya hoteli kufungwa, na idadi ya watoto nyumbani. Chifu anayeachwa aandike mwenyewe huandika "familia hii ni maskini sana, tafadhali wasaidieni", na hiyo haimsaidii afisa wa msaada kujaza kisanduku hata kimoja.

2 Desemba 2023

Gharama za maombi. Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, inaruhusu vyuo mpaka 20. Mimi nina 11, na ada ya maombi nimesamehewa kwa vyote, maana kuna sehemu ya kueleza kwamba ada ni mzigo na mwalimu athibitishe. CSS ndiyo yenye meno: dola 25 kwa chuo cha kwanza, 16 kwa kila kinachofuata. Niliandikia ofisi za msaada za vyuo moja moja, aya nne fupi, nikiuliza kama wana msimbo wa msamaha au wanapokea fomu ya karatasi ya ISFAA badala yake. Vitano vilijibu ndani ya wiki, vyote kwa wema. Kimoja kilisema hakihitaji CSS kabisa. Mwishowe nililipa kwa vyuo viwili tu, dola 41, kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa. Mwaka ulipoanza dola ilikuwa shilingi 124. Sasa imepita 150. Zile 6,200 za Ami zingekuwa dola 50 zile siku za kwanza. Leo ni 40 na ushee.

Hitilafu. Chuo kimoja kiliomba taarifa ya benki ya wazazi. Mama hana benki, nikapakua taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, nikaituma bila kuisoma. Wiki moja baadaye: "Fomu yako inasema mapato ya mama ni 150,000. Taarifa inaonyesha zaidi ya 700,000 zimeingia. Tafadhali eleza."

Nilikaribia kuzimia pale saiba. Kumbe Mama ni mweka hazina wa chama. Wanawake 24, shilingi 500 kila wiki, zote hupita kwenye simu yake: 12,000 kwa wiki, 624,000 kwa mwaka, zinaingia Jumapili na kutoka Jumatatu. Niliketi usiku mzima na kalamu nyekundu nikipiga mstari chini ya kila Jumapili. Mwenyekiti wa chama akaandika barua, akaigonga muhuri, na kwa kuwa ana roho ya ukarani akaambatisha orodha ya zamu zote. Chuo kikajibu kwamba wameelewa, na kwamba ilikuwa maelezo bora waliyopokea msimu huu. Wakati mwingine nitasoma ninachotuma.

Kuna mtu aliyenishauri niandike kwamba familia inaweza kutoa dola 8,000 kwa mwaka ili vyuo vinavyotazama mfuko visiniogope, kisha niombe nyongeza nikishafika. Nimekataa, na si kwa ucha Mungu tu. Vyuo vingi husema wazi kwamba mgeni ambaye hakuomba msaada mwanzoni hapati baadaye. Mwaka wa pili ningekuwa Ohio au Maine na deni, bila nauli ya kurudi.

17 Januari 2024

Nimemaliza maombi mawili ya akiba. Ya Hungary, Stipendium Hungaricum, yalifungwa juzi. Karo bure, bweni au mchango wa pango, na posho ya forinti 43,700 kwa mwezi, kama shilingi elfu 20 leo. Nauli ni juu yako na posho haitoshi kuishi Budapest. Ya Uturuki yamefunguliwa tarehe 10, mwisho 20 Februari. Kuomba hakulipiwi. Wao hutoa karo, bweni, posho, tiketi za ndege na mwaka mzima wa kujifunza Kituruki. Kwa safu yangu ya kabla ya ndege, Uturuki ndiyo inaongoza duniani. Tatizo lake ni moja: majibu huja kiangazi, baada ya vyuo vya Marekani kutaka jibu langu.

Canada nimeifuta kwa kalamu nzito. Kuanzia mwezi huu wanataka mwombaji wa kibali cha masomo aonyeshe dola zao 20,635 za kuishi, mbali na karo. Zamani ilikuwa 10,000.

Dola leo ni shilingi 160.

30 Machi 2024

Majibu yote yamefika. Vikubwa vimekataa vyote, kwa adabu. Jumla: vimekataa saba, viwili vimeniweka foleni, viwili vimenikubali. Nililia kwa chuo kimoja tu, siku moja, kisha nikaenda kufundisha tuisheni. Watoto wa darasa la saba hawajui huzuni ya mtu.

6 Aprili 2024

Barua mbili, mezani. Ya kwanza ni ya Pennsylvania, chuo chenye jina. Bango dola 82,300. Msaada 70,000. Kazi ya chuoni 2,300. Familia: 10,000. Halafu chini, kwa herufi ndogo, bima ya afya haimo: 3,100. Pengo la kweli ni 13,100 kila mwaka, kwa miaka minne.

Ya pili ni ya Ohio, kile cha tovuti mbovu nilichokiwekea nyota. Bango 74,600, bima ndani. Msaada 70,400. Kazi 2,700. Familia: 1,500.

Ami, aliyefika jioni ile, alisoma zote mbili akasema ya kwanza ni bora kwa sababu jina lake analijua hata yeye. Baba alichukua kalamu. Ni mara ya kwanza amegusa daftari hili. Akaandika 13,100 juu, zile 1,827 za mapato yetu chini yake, akachora mstari, akamrudishia Ami kalamu.

Niliwaandikia Pennsylvania rufaa, na barua ya Ohio nikaambatisha. Wamejibu leo: fungu la wageni limekwisha. Nimewashukuru.

28 Aprili 2024

Nimekubali Ohio. Amana ya kushikilia nafasi wamenisamehe baada ya kuwaomba kwa sentensi mbili. Inafaa kuomba, hata kwa sentensi mbili. Kilichonichukua muda ni kuamua kutosubiri Uturuki. Nilimuuliza Mwalimu angefanyaje, akasema yeye ana mke na watoto watatu na hajawahi kupewa dola 70,000 na mtu, nisimuulize yeye.

Dola imeshuka mpaka shilingi 130 na ushee. Pesa ile ile ya daftarini imenenepa bila kulishwa.

20 Juni 2024

Pasipoti ilichukua miezi mitano na safari mbili za Mombasa. Ofisi iliyohusika siitaji. Chuo kilinitumia I-20, hati ya kuombea viza ya mwanafunzi, kwa barua pepe. Ada ya SEVIS, ya kusajiliwa kama mwanafunzi mgeni, dola 350, ya viza 185. Nilipanda basi la usiku hadi Nairobi, nikafika Gigiri, kwenye ubalozi wa Marekani, na macho mekundu. Mahojiano yalikuwa tarehe 12, na nashukuru, kwani wiki hii jiji lina moshi wa maandamano ya Mswada wa Fedha. Yule bwana dirishani aliuliza nani analipa. Nikasema chuo, 70,400, na iliyobaki mimi na wazazi. Wazazi wanafanya kazi gani? Nikasema baba jikoni hotelini, mama anapika mahamri. Akauliza mahamri ni nini. Nilipofika kwenye iliki alikuwa ameshagonga muhuri, pasipoti akabaki nayo.

Ohio wamekubali nilipe zile 750 za muhula wa kwanza kutoka kwenye mshahara wa kazi ya chuoni, kidogo kidogo. Hiyo imeondoa 97,500 kwenye safu yangu. Safu yenyewe sasa:

SEVIS na viza 69,550, imelipwa. Mabasi, chanjo na picha 14,000, imelipwa. Tiketi 156,000, bado.

Kilichoingia: tuisheni yangu 38,000, Ami 50,000, mkopo wa chama bila riba 60,000, walimu 15,000. Jumla 163,000. Baada ya malipo zimebaki 79,450. Pengo la tiketi ni 76,550, na bei niliyoahidiwa inasimama mpaka Jumatatu.

Harambee ni Jumamosi baada ya Alasiri, hapa hapa barazani. Mwenyekiti wa chama ameshaandaa orodha na muhuri. Mama amesema siku hiyo hauzi: atapika pakiti sita, mahamri 300, ya wageni. Nimemuuliza niyaandike safu gani. Amesema nisiyaandike.